Hofu ya kuzalisha ipimwe upya

Mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo au Mwanjelwa anaweza kutuma mamilioni ya shilingi Guangzhou kwa muuzaji asiyemfahamu zaidi ya picha za WhatsApp, akasubiri meli kwa wiki kadhaa, akalipa ushuru, akapokea mzigo asioweza kuurudisha, na katika muda wote huo asijione kuwa mtu wa kujihatarisha. Mshauri mtu huyohuyo atengeneze bidhaa yake mwenyewe, hata iwe mikoba mia moja au mkupuo mmoja wa sabuni, naye atakutajia hatari kumi kabla hujamaliza kusema. Hatari hizo zipo, na anayezidharau hamtakii mema mfanyabiashara. Ninachodai ni kwamba tumezipima vibaya. Hatari za kuagiza tumezizoea hadi hatuzihesabu tena, na hatari za kuzalisha tunazirundika pamoja kama mzigo mmoja unaopaswa kubebwa siku moja. Tukizitenganisha na kuzipima moja moja, nyingi hupungua hadi kimo ambacho mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kukimudu.

Tuanze na hizo tulizozizoea. Utaratibu wa kawaida wa kuagiza kutoka China ni kulipa asilimia 30 ya bei kama malipo ya awali na asilimia 70 iliyobaki kabla mzigo haujapakiwa. Maana yake ni kwamba mnunuzi amekwisha kulipa kila kitu kabla ya kushika bidhaa. Kiwanda nacho huweka idadi ya chini ya kuagiza, hivyo anayetaka vipande 50 hujikuta analazimika kuchukua 500. Asiyeweza kujaza kontena huchangia na wenzake, akalipia ujazo wa mzigo wake na kutegemea ratiba ya watu wengine. Tangu 2012 Tanzania imekuwa ikitaka bidhaa nyingi zikaguliwe ubora wake huko zinakotoka kabla ya kusafirishwa, na asiyekuwa na cheti huongezewa gharama na usumbufu bandarini. Juu ya hayo kuna thamani ya shilingi dhidi ya dola, ambayo inaweza kubadilika mzigo ukiwa bado baharini. Na baada ya safari hiyo yote, duka la jirani linauza kitu kilekile kwa rangi ileile. Kinachobaki ni kushindana kwa kupunguza bei.

Ushindani huo unazidi kukaza. Zamani faida ya mfanyabiashara wa kati ilitokana na kujua njia: alimfahamu wakala, alijua mtaa wa viatu na mtaa wa mapazia kule Guangzhou, na mteja wa Songea au Kigoma hakuyajua hayo. Sasa mteja huyo ana simu yenye masoko yaleyale. Kituo kikubwa cha biashara na usafirishaji kilichofunguliwa Ubungo mwaka 2025 kimewaleta wauzaji wa jumla karibu zaidi na mnunuzi wa mwisho. Mwaka huohuo serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Amri kama hiyo inaweza kumpa mwenyeji nafasi ya kupumua, lakini haiwezi kumpa bidhaa. Anayeuza kitu ambacho kila mtu anaweza kukiagiza ana ulinzi mdogo sana, hata kama sheria iko upande wake.

Kwenye kodi, hesabu zinasema jambo ambalo wengi hawajaketi kulipigia mahesabu. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mfumo ulioanza Julai 2022, una ngazi nne: asilimia sifuri, hasa kwa mali ghafi na mashine, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika ambazo nchi wanachama zinaweza kuzizalisha zenyewe. Tuseme mzigo wa bidhaa zilizokamilika umefika Dar es Salaam ukiwa na thamani ya shilingi milioni 10, yaani bei, bima na nauli. Kwa ushuru wa asilimia 25 unalipa milioni 2.5. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya milioni 12.5, nayo ni milioni 2.25. Mzigo umefikia milioni 14.75 kabla ya tozo nyingine na gharama za bandari. Mali ghafi ya thamani ileile iliyo katika ngazi ya sifuri italipiwa VAT ya milioni 1.8 na kusimama kwenye milioni 11.8. Tofauti ni karibu milioni tatu katika kila milioni kumi. Ni kweli ngazi hutofautiana bidhaa kwa bidhaa na nchi wanachama huomba misamaha kila mwaka, hivyo lazima kila mtu ahakiki ya kwake kwa wakala wa forodha. Lakini kwa ujumla mfumo wa ushuru unampa mzalishaji wa ndani nafuu ambayo muuzaji wa bidhaa zilizokwisha kutengenezwa haipati.

Kama ni hivyo, kwa nini tunaogopa? Sababu ya kwanza ni ya haki kabisa: biashara ndogo hufa. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba biashara ndogo zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano iliyotangulia, na karibu nusu yake hazikuwa zimetimiza mwaka mmoja. Mtu mwenye ada za shule za kulipa ana kila sababu ya kuziogopa takwimu za namna hiyo. Lakini zilizofungwa hazikuwa karakana peke yake. Maduka, vibanda na migahawa vilikuwamo pia. Funzo lake ni kwamba mtaji mdogo haustahimili kosa kubwa, liwe limefanyika dukani au karakanani. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuanza ni hili: kosa langu la kwanza litakuwa la ukubwa gani, na nitaligundua mapema kiasi gani?

Sababu ya pili ni picha ya kiwanda tuliyorithi. Kizazi cha wazazi wetu kilishuhudia Urafiki, kiwanda cha nguo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kikiwa na majengo makubwa na maelfu ya wafanyakazi. Kisha kizazi kilichofuata kikashuhudia viwanda vya aina hiyo vikidorora na kufunga milango. Ndiyo maana tukisikia kuzalisha tunafikiria uzio, tanuri, umeme mkubwa na mkopo wa benki. Sera ya taifa ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 haikufikiri hivyo. Ilitambua shughuli yenye watu wasiozidi wanne na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa kiwango hicho. Mashine tatu za kushonea katika chumba kimoja, zenye daftari la gharama na mteja anayerudi, tayari ni uzalishaji.

Mfano bora wa uzalishaji usio na kiwanda uko kwa jirani zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wakenya, Maxwell Kinyanjui akiwa miongoni mwao, waliuchukua muundo wa jiko la ndoo la Thailand na kuuchanganya na jiko la bati lililokuwa likitumika kwao. Likazaliwa jiko la udongo lililoenea Afrika Mashariki yote, lenye kiuno chembamba na mdomo mpana. Majiko ya mwanzo yalikuwa na matatizo, udongo ukipasuka kwa moto. Badala ya kuachana nalo, walibadilisha umbo la kigae, wakatafuta namna ya kukishikiza kwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, na kurudi kwa watumiaji kulijaribu tena. Kilichofanikisha kazi hiyo zaidi ya yote ni mgawanyo. Mafundi wa jua kali walikunja bati, wafinyanzi walichoma vigae, wengine waliunganisha, wengine wakauza. Hakuna aliyelazimika kumiliki mnyororo mzima. Ushindani ulipoongezeka bei ilishuka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 jiko hilo lilikuwa katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya. Bidhaa iliyobadilisha mapishi ya mamilioni ya watu ilitoka mikononi mwa watu wadogo, kila mmoja akibeba kipande cha hatari anachokiweza.

Tanzania nayo ilipata somo lake tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Siku moja ilizaa soko la mifuko mbadala nchi nzima. Ilihitajika mashine ya kushonea au ya kubana, roli la kitambaa na mtu wa kukata. Baadhi ya waliopata hasara hawakukosa mashine wala wateja. Kikwazo kilikuwa kitambaa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilitaka mifuko ya kitambaa kisichofumwa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba, lakini sokoni kulikuwa na maroli mepesi yaliyouzwa kama mazito. Mtengenezaji anaweza kulithibitisha hilo kabla ya kulipa. Anakata vipande kumi vya sentimita 10 kwa 10 kutoka sehemu mbalimbali za roli na kuviweka kwenye mizani ndogo ya kupimia gramu. Visipofika gramu 7 kwa jumla, kitambaa hicho hakifai. Ni kazi ya dakika tano, na inazuia hasara ya roli zima pamoja na aibu ya mifuko kuondolewa sokoni. Sehemu kubwa ya hofu ya kupata mali ghafi ni ya namna hii. Inatoka kwenye jambo ambalo halijapimwa ingawa kipimo chake kipo.

Chukua sabuni ya mche au ya kipande, kazi ambayo vikundi vingi vya akina mama huianza na kuiacha. Kilo moja ya mafuta ya mawese huhitaji takribani gramu 140 za kostiki soda safi ili mafuta yote yageuke sabuni. Watengenezaji makini hupunguza kidogo ili pabaki mafuta machache yanayolinda ngozi, hivyo kilo 5 za mawese hupewa karibu gramu 670. Ukizidisha, sabuni inachubua mikono. Ukipunguza mno, inakuwa laini na baada ya muda inanuka. Na soda iliyokaa wazi dukani huvuta unyevu ikapoteza nguvu, kwa hiyo kipimo kilekile kilichofaulu jana kinaweza kushindwa leo kwa sababu tu umebadili duka. Anayejua hayo haanzi na pipa. Anaanza na kilo 5, anavaa glavu na kumimina soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Kisha anaandika duka alikonunua, uzito wa kila kitu na tarehe, na kuiacha sabuni ikauke kwa wiki nne au zaidi kabla ya kuiuza. Mkupuo huo ukiharibika, amepoteza kilo 5 za mafuta na amejua kwa nini. Ukifaulu, ana kanuni anayoweza kuirudia, nayo ina thamani kuliko mashine.

Katika hatua hiyo ndogo ndipo gharama zinapopaswa kuhesabiwa kikamilifu. Wengi huhesabu mafuta na soda, wakasahau kuni au gesi, kifungashio, lebo, nauli, vipande vilivyovunjika na muda wao wenyewe. Kisha bidhaa inauzika vizuri na mtaji unapungua kila mwezi, nao wanadhani kuna mkono wa mtu. Bei iliyopatikana baada ya kuhesabu yote hayo ndiyo ya kupeleka kwa wateja kumi wasio ndugu wala marafiki. Wakinunua mara ya pili bila kubembelezwa, panua. Wasiponunua, umelipa ada ndogo ya somo.

Hofu ya kutapeliwa na anayekuuzia mali ghafi, au na kiwanda unachokikodi kikutengenezee kwa jina lako, nayo ina kinga zake. Kaa na wauzaji wawili hata kama mmoja ni ghali kidogo. Kubalianeni kwa maandishi kuhusu uzito, kipimo, rangi na kiwango cha kasoro kinachovumilika. Sampuli iliyokubaliwa itiwe saini na pande zote mbili na kila mmoja abaki na yake, maana bila sampuli ugomvi wa ubora huishia kuwa neno la huyu dhidi ya neno la yule. Lipa kwa awamu zinazofuata kazi iliyokamilika. Kama umegharamia kalibu au mchoro, mkataba useme ni mali ya nani. Jina na nembo visajiliwe kwa wakala wa usajili wa biashara na leseni, BRELA, kwa Tanzania Bara, ambako alama ya biashara hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo kisha huhuishwa. Zanzibar wana usajili wao. Anayeogopa kuibiwa wazo akumbuke pia kwamba kinachoigwa kwa urahisi ni umbo. Uhusiano na wateja na ubora usioyumba huigwa kwa taabu.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni kwamba hatuwezi kuishinda China kwa bei. Kwa bidhaa nyingi ni kweli, na ni busara kulikubali. Anayetaka kutengeneza chaja za simu kwa mikono anajitafutia umaskini. Lakini orodha ya vitu ambavyo umbali unavilinda ni ndefu. Vitu vizito au vinavyochukua nafasi kubwa, kama samani, huliwa na nauli. Vyakula kama unga wa lishe, siagi ya karanga na viungo hutaka upya na ladha ya kwetu. Sare za shule na nguo za kazi hutaka vipimo vya mtu na marekebisho ya haraka. Oda ya vipande 40 vyenye nembo ya shule moja kiwanda cha mbali hakiitaki kabisa. Huko mzalishaji mdogo hashindani kwa bei tu, anashindana kwa wepesi wa kumsikiliza mteja, na hapo yuko mbele. Kuagiza nako kuna nafasi yake, hasa kwa mashine, vifungashio na mali ghafi tusizokuwa nazo. Mfanyabiashara aliyezoea Guangzhou ana ujuzi wa kufaa sana hapo, maana njia iliyomletea mikoba iliyoshonwa inaweza kumletea zipu, vifungo na kitambaa.

Wengine watasema serikali itawamaliza. Malalamiko ya tozo na foleni za ofisini yana ukweli, na hayapaswi kunyamaziwa. Hata hivyo baadhi ya milango imefunguliwa na haitumiki. Tangu Sheria ya Fedha ya 2019, usalama wa chakula na vipodozi umewekwa chini ya TBS, hivyo mzalishaji wa unga au mafuta ya kupaka hazungushwi tena kati ya mamlaka mbili kwa bidhaa ileile. Mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO hupata barua ya utambulisho na nafuu ya gharama za kuthibitishiwa ubora katika kipindi cha mwanzo. Viwango vyenyewe, vikisomwa mapema, ni mwongozo wa namna ya kuepuka kasoro. Anayekwenda TBS akiwa na daftari la mikupuo yake amekwisha kujibu nusu ya maswali atakayoulizwa. Anayesubiri kukamatwa ndipo aulize, atalipa zaidi.

Lipo pia suala la mtaji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Fedha hizo ni msaada, lakini hatari yake ni kuja mapema mno. Kikundi kinachokopa mashine kabla ya kuwa na kanuni inayorudiwa na wateja wanaorudi kinabaki na deni na chuma kinachoota kutu. Mkopo mzuri hufuata oda zilizokwishazidi uwezo wa mikono.

Hofu hii haiwezi kuachiwa mfanyabiashara peke yake. Mnunuzi mkubwa anayechukua bidhaa na kulipa baada ya miezi mitatu anaua karakana ambayo ubora wake hauna dosari, na serikali yenyewe, kupitia shule, hospitali na ofisi zake, inapaswa kuwa ya kwanza kulipa kwa wakati. Vifungashio vinavyouzwa kwa maelfu tu vinamzuia anayehitaji mia mbili, na hapo SIDO na halmashauri zinaweza kununua kwa jumla na kuwauzia wadogo kwa idadi wanayoimudu. Vyuo vya ufundi vifundishe kuhesabu gharama na kusoma viwango kwa uzito uleule vinaotumia kufundisha kushona na kuchomelea. Hayo yanatekelezeka, na hayahitaji kusubiri mwekezaji.

Kwa mfanyabiashara mwenyewe, ushauri ni mmoja. Katika mzigo ujao unaotaka kuagiza, tenga kiasi ambacho kikipotea hakitafunga duka. Chagua bidhaa moja unayoijua kwa sababu wateja wako wameilalamikia: mkanda unaokatika, mfuko unaochanika, unga wenye mchanga. Itengeneze au utengenezewe kwa mkupuo mdogo, ipime, iandikie gharama zote, iuze. Ikishindikana, utakuwa umepoteza kiasi ulichokipanga mwenyewe. Ikifaulu, utakuwa na kitu ambacho jirani hawezi kukiagiza kwa simu, na wateja watakuja kwako kukifuata.